UZI: "Admirably" – kielezi cha sifa kinachokaa vibaya kwenye ripoti na barua zetu za Kiingereza

#1 Mwl_Ujiji (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu wa Kiingereza, makatibu muhtasi, waongoza watalii na yeyote anayeandika Kiingereza cha kiofisi hapa Kigoma na kwa jirani zetu wa Tabora. Naomba tushughulike na neno moja tu mpaka tulimalize: "admirably". Limejaa kwenye maoni ya ripoti za wanafunzi, barua za kumpendekeza mtu kazini na risala za kuaga watumishi. Mara nyingi limewekwa mahali ambapo "very well" ingetosha, au limechomekwa pabaya ndani ya sentensi.

Umbo kwanza, maana ndipo makosa mepesi yalipo. Kitenzi ni "admire", kivumishi "admirable", kielezi "admirably". Kutoka kitenzi kwenda kivumishi ile "e" ya mwisho inaanguka, kwa hiyo hakuna "admireable". Kutoka kivumishi kwenda kielezi, "e" ya mwisho inaipisha "y" na basi. "Admirablely" na "admirabley" yote ni makosa. Ni kanuni ileile ya "remarkable" kuwa "remarkably" na "gentle" kuwa "gently".

Matamshi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu tunatamka "admiRAbli". Kiingereza hakiko hivyo. "Admire" ina mkazo mwishoni, lakini kwenye "admirable" na "admirably" mkazo unarudi mwanzo kabisa: AD-mra-bli. Ile sauti ya "ai" iliyo ndani ya "admire" inapotea, inabaki irabu dhaifu ambayo mara nyingi haisikiki. Anayetamka "ad-MAYA-rabli" amekihamisha kitenzi kizima ndani ya kielezi. "Compare" na "comparable" zinafanya mchezo huohuo, na "prefer" na "preferable" pia.

Sasa maana. "Admirably" husifu tendo: lilivyofanyika linastahili kuvutiwa nalo. Haisemi kwamba mtendaji amevutiwa na kitu. Anayevutiwa hutumia "admiringly". Kwa hiyo:

"The nurses coped admirably." Wauguzi walihimili kazi vilivyo.
"The visitors looked admiringly at the lake." Wageni waliliangalia ziwa kwa kuvutiwa.

Ukiandika "The visitors looked admirably at the lake" umesema kwamba kule kuangalia kwao ndiko kunakostahili sifa. Hakuna msomaji atakayeelewa ulitaka nini.

Kuhusu mahali pake kwenye sentensi, nafasi ya kawaida ni mwisho, baada ya shamirisho (kinachotendewa): "The headmistress handled the dispute admirably." Kosa letu linatoka kwenye Kiswahili. Sisi tunasema "alishughulikia vizuri ule mgogoro" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakipendi kielezi kiingie katikati ya kitenzi na shamirisho lake, kwa hiyo "handled admirably the dispute" inakwaruza sikio. Kuna ruhusa moja: shamirisho likiwa kishazi kirefu, kielezi kinaweza kutangulia ili kisipotelee mbali. "She explained admirably why the lake rises in some years and falls in others." Hapo ukikiweka mwishoni, msomaji atadhani ni ziwa ndilo linaloshuka kwa kusifika.

Nafasi ya pili ni katikati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, hasa kauli ya kutendwa: "The registers have been admirably kept." Ya tatu ni mbele ya kivumishi: "admirably clear", "admirably patient". Ya nne ni mwanzoni ikifuatiwa na koma, na hiyo ina mambo yake; nitairudia kama kuna atakayeuliza.

Karibuni.

#2 Njia_ya_Gombe (Kigoma)

Mwalimu shikamoo. Umegusa kazi yetu. Waongozaji tunalihitaji neno hili, ila linafanya kazi pale tu ambapo kuna jambo gumu lililoshindwa au kifaa kilichofanya kilichokusudiwa. Likipachikwa kwenye kila kitu kizuri, mgeni halisikii tena.

Mfano mzuri upo bandarini kwetu, meli ya MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa na kuingia majini 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sentensi ya kumwambia mgeni ni hii:

"The grease protected the engines admirably."

Hapo neno limekaa mahali pake. Grisi ilipewa kazi, ikakaa chini ya maji takriban miaka minane, na matokeo yanajulikana. Mgeni akiuliza ushahidi upo.

Zile zinazokosewa kwenye maelezo ya meli hiyohiyo:

"It is an admirably ship." Nomino inahitaji kivumishi: "an admirable ship".
"The ship is admirably." Kitenzi "is" kinataka kivumishi nyuma yake. Ama "The ship is admirable", ama ukikipenda kielezi basi kiongezee neno la kukibeba: "The ship is admirably sturdy."
"The grease protected admirably the engines." Kosa alilolitaja mwalimu.
"The crew admirably sank the ship." Sarufi haijavunjika, lakini kielezi kikikaa mbele ya kitenzi namna hiyo msomaji anaelewa kwamba wewe msemaji unasifu uamuzi wa kuizamisha. Kama ulitaka kusifu ustadi wao, andika "sank the ship with great care".

Kwa Hifadhi ya Gombe napendekeza sentensi mbili. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26: "She adapted admirably to life in the forest." Angalia "adapted to", wala hakuna shamirisho la kuruka. Na mwaka huohuo aliona sokwe wakichomeka mabua ya nyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa: "The stems are admirably suited to fishing for termites." Baada ya "admirably suited" weka "to". Utasikia "for" pia, lakini "to" ndiyo iliyozoeleka na haikuangushi. Na likifuata tendo, lichukue "-ing": "suited to fishing". Anayeandika "suited to fish for" amekosea.

#3 KalamuTabora (Tabora)

Nimefurahi kuona uzi wa aina hii. Mimi naongezea upande wa uzito wa maneno na wa tafsiri, maana ndiko tunakoumia.

"Admirably" siyo sifa ya juu kuliko zote. Ni sifa tulivu ya mtu aliyetazama, akapima, akaridhika. Chini yake kabisa kuna "creditably": kazi haikuleta aibu, ilistahili heshima ya kiasi. Kisha "well" na "very well". Kisha "admirably". Juu yake ziko "superbly", "outstandingly" na "brilliantly". Hii ya mwisho Waingereza huitumia sana kwenye mazungumzo na mpira. Mwanafunzi aliyepata 98 kati ya 100 amefanya "outstandingly". Aliyekuwa nyuma, akahudhuria masomo ya ziada, akapanda, huyo "has responded admirably to the extra lessons". Wa pili ndiye "admirably" iliumbwa kwa ajili yake, kwa sababu kuna mlima alioupanda.

"Remarkably" siyo ndugu yake wa damu. Maana yake ni "kwa kiwango cha kuonekana", na kinachoonekana chaweza kuwa kibaya. "Remarkably poor" ni Kiingereza safi. "Admirably poor" haipo, labda kwa mtawa aliyechagua umaskini. "Incredibly" nayo ina harufu ya kutosadikika; ukiandika kwenye ripoti "incredibly honest" mzazi anaweza kuuliza kwani mlitegemea nini.

Kwenye ripoti za shule kuna mitego mingine inayokaa jirani na neno hili na nataka walimu waizingatie sana. "Fairly good" ni nzuri kiasi. Haina uhusiano na haki wala haina "sana" ndani yake. "Quite good" kwa Mwingereza mara nyingi ni "si mbaya", kwa Mmarekani inasikika juu zaidi, kwa hiyo kwenye ripoti iepuke kabisa. Na "hardly" haimaanishi "kwa bidii". Bidii ni "hard" bila "-ly": "She worked hard". Ukiandika "She hardly worked" umemwambia mzazi kwamba mtoto karibu hakufanya kazi kabisa, na umesaini.

Halafu tafsiri. Hakuna neno moja la Kiswahili linalokaa mahali pote pa "admirably". Anayeshika "kwa kupendeza" na kulibandika kila mahali anaharibu, maana "alifanya kazi kwa kupendeza" inaleta picha ya mavazi na umbo. Tafuta kitenzi kilichoandamana nalo, hicho ndicho kinachokupa jibu. "Coped admirably" ni alihimili vilivyo. "Suits admirably" ni inafaa barabara. "Acquitted herself admirably" ni hakutuangusha. "Admirably brief" ni fupi na inajitosheleza. "Played admirably", kama ni ufundi, ni alicheza kwa ustadi. Kama ni moyo, alicheza kiume au kishujaa.

Na kinyume chake: ile "utumishi uliotukuka" tunayoipenda kwenye risala. Watu huiandika "exalted service", na msomaji wa Kiingereza anawaza mbinguni. Andika "has served the district admirably", au kwa nomino "distinguished service".

Jambo la pembeni kwa wanaopenda asili ya maneno. "Admirably" inatoka Kilatini, kitenzi "mirari", kustaajabu, na neno "miracle" limetoka kwenye shina hilohilo. Kwa hiyo kwenye maandishi ya Kiingereza ya miaka ya 1600 "admire" inaweza kuwa kustaajabia tu, bila kupenda. Lakini "admiral", mkuu wa wanamaji, si mwana wa familia hiyo hata kama anafanana nayo. Ametoka kwenye Kiarabu "amir", ndiye yuleyule amiri wa Amiri Jeshi Mkuu. Ile "d" iliingizwa baadaye na waandishi waliodhani ni neno la Kilatini.

#4 Binti_Kaliua (Tabora)

Asanteni walimu wangu. Mimi naandika barua za ofisi. Naomba kuuliza mawili. Naweza kumwandikia bosi "You chaired the meeting admirably"? Na la pili, nina rasimu ya barua ya kumpendekeza mtunza stoo wetu anayeomba kazi kwingine. Nimeweka sentensi nne tu, naombeni mzipige msasa:

"The storekeeper has admirably worked with us since 2019. He is an admirably person. He very admirably did the ledger. He is admirably suited for all works."

#5 Mzee_Isevya (Tabora)

Mwanangu, swali la bosi ni zuri sana na vitabu vya sarufi hulipita kimya.

"Admirably" ni neno la anayepima. Mkaguzi humwambia mwalimu, mwalimu humwambia mwanafunzi, mhariri humwambia mwandishi. Ukimwambia aliye juu yako usoni "You did admirably", umejiweka kwenye kiti cha kumpa maksi. Mwingereza hatakwambia kitu, lakini atakuwa amelisikia. Hali ni mbaya zaidi ikifuatwa na "considering": "You did admirably, considering your age" ni kama kusema "kwa mzee kama wewe, umejitahidi".

Kwa bosi, mwambie alichokufanyia kwenye akili yako: "Your explanation made the new forms clear to all of us." Hapo umemsifu bila kumpima. Na ukitaka kumpongeza, ni "congratulate you on", wala siyo "for"; hiyo "for" inatoka kwenye "hongera kwa" yetu.

Lakini ukimsema bosi kwa mtu mwingine, neno halina tatizo. "Our Director handled the handover admirably" kwenye barua kwenda wizarani ni adabu tupu. Kwenye muhtasari wa kikao, sifa zisiingie kabisa. Muhtasari unaandika kilichoamuliwa.

#6 KalamuTabora

Mzee wangu nakubaliana nawe karibu kote, ila kwenye neno la shukrani mwishoni mwa hafla natofautiana kidogo. Pale msemaji hasemi kwa niaba yake, anasema kwa niaba ya ukumbi mzima. "Madam Chair, you have guided us admirably today" inakubalika, hata msemaji akiwa karani mdogo, kwa sababu anayepima ni hadhira. Kinachotakiwa ni hiyo "us". Ukisema "guided me" inarudi kwenye tatizo ulilolieleza.

#7 Mzee_Isevya

Hapo umenishika, mwanangu. Kwa neno la shukrani nakubali, na hiyo "us" ni sharti.

#8 Mwl_Ujiji

Dada Binti_Kaliua, nichukue rasimu yako mstari kwa mstari, maana makosa haya manne ndiyo yanayojirudia kwenye barua nyingi.

"Has admirably worked with us since 2019." Sarufi inapita, lakini "work" peke yake ni kitenzi chepesi mno kuibeba sifa hii, na kielezi kimetangulia kabla msomaji hajajua kazi yenyewe. Vitenzi vinavyoibeba vizuri ni "serve", "cope", "perform", "adapt", "manage", "respond" na "acquit oneself". Hiki cha mwisho lazima kiwe na kijirejeshi: "acquitted himself admirably". Ukisahau "himself" unaingia mahakamani, maana "acquit" peke yake ni kumwachia huru mshtakiwa. Kwako iwe: "He has served us admirably since 2019."

"He is an admirably person." Kabla ya nomino ni "admirable". Hata hivyo ningeifuta kabisa. "An admirable person" kwenye barua ya kazi haimwambii mwajiri chochote.

"He very admirably did the ledger." Ondoa "very". Sifa imo tayari ndani ya neno, kuikazia kunaifanya isikike kama mtu anayebembeleza. "Did" nayo ni dhaifu, daftari "hutunzwa": "He kept the stores ledger admirably." Kisha weka ushahidi mara moja baada ya nukta, kama upo na ni kweli: "Issues were entered on the same day, and every entry carried a signature." Barua inayotaja siku na saini inaaminika kuliko yenye vielezi sita.

"Admirably suited for all works." "Work" ya maana ya kazi haina wingi. Na mtu aliyefaa kwa kazi zote hajafaa kwa yoyote, ndivyo mwajiri anavyosoma. Taja aina: "He is admirably suited to work that demands accuracy and patience with the public."

Sasa utaona "admirably" imetokea mara tatu. Acha moja. Ningeibakiza kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu ndio unaofanya uamuzi. Mstari wa kwanza uwe "He has served us since 2019", na wa daftari uwe "He kept the stores ledger with great care." Barua ya ukurasa mmoja haihitaji zaidi ya "admirably" moja.

#9 Kasulu_Kwetu (Kigoma)

Walimu, mimi nasomea ualimu. Naomba kipimo cha haraka cha kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu. Na mwalimu uliahidi ile ya koma.

#10 Mwl_Ujiji

Vipimo vitatu, vifanywe kwa mpangilio huu.

Kwanza, badilisha "admirably" kwa "well". Sentensi ikisimama, nafasi ni sahihi. "She sang well" inasimama, basi "She sang admirably" nayo inasimama. "She is a well girl" haisimami, basi "an admirably girl" haisimami. Kipimo hiki hakitumiki kielezi kikiwa mbele ya kivumishi, maana "well clear" haipo ilhali "admirably clear" ipo. Waambie mapema, la sivyo watalikataa lililo sahihi.

Pili, uliza: alikuwa anakabili nini? Jibu lisipopatikana kwenye sentensi au iliyotangulia, tumia "well". "He ate admirably" haina jambo lililokabiliwa. "The patient ate admirably after the operation" inalo.

Tatu, angalia kitenzi. Kikiwa "is", "seems", "looks" ya kuonekana, "tastes", "feels" au "becomes", na nyuma yake hakuna neno jingine, weka kivumishi. Hapa wanafunzi wanachanganywa na "looks", kwa sababu ina kazi mbili: "She looked admiringly at the baby" ni tendo la macho, ndiyo maana inakubali kielezi.

Sasa koma. Linganisha:

"Admirably, the bodaboda rider returned the money."
"The bodaboda rider returned the money admirably."

Ya kwanza: la kusifiwa ni kwamba aliirudisha. Ya pili: ile namna ya kuirudisha ndiyo iliyostahili sifa, pengine aliihesabu mbele ya mashahidi. Watu wengi wanataka kusema ya kwanza wanaandika ya pili. Koma ikikosekana kwenye ile ya kwanza, msomaji anajikwaa, hivyo iwe lazima. Na ukiona mwanzo mzito, "It was admirable of the rider to return the money" inasema jambo lilelile na ni rahisi zaidi kwa kidato cha tatu.

Kwa zoezi, wape sentensi kumi zenye nafasi wazi na wachague kati ya "admirable", "admirably" na "admiringly". Tatu zichukue kivumishi, nne kielezi hiki, tatu "admiringly". Zikilingana kila moja mara moja kwa zamu, watakariri mpangilio badala ya kusoma sentensi. Sentensi zitoke mahali wanapopajua. Nina za kuanzia:

"The fishermen watched ______ as the old man mended the net." Admiringly.
"The junction at Tabora serves passengers for Kigoma and Mwanza ______." Admirably.
"Her patience with the young ones is ______." Admirable.
"Miombo woodland is ______ suited to beekeeping." Admirably.

Hiyo ya mwisho watu wa Tabora hawatailalamikia.

#11 Njia_ya_Gombe

Naongeza moja kwa Kasulu_Kwetu kabla hajaingia darasani. Sentensi za kushindwa. "The team failed admirably" wanafunzi huiandika wakimaanisha timu ilipigana ikafungwa. Mwenye lugha anaisoma kama kejeli: mmeshindwa kweli kweli. Kama nia ni kusifu juhudi, tenganisha mambo mawili: "The team lost, but they defended admirably in the second half."

Kukanusha nako kuna mtego. "He did not perform admirably" kwa maneno ni "hakufanya kwa kiwango cha kusifika", lakini kwa Kiingereza cha ofisini ni njia ya upole ya kusema alifanya vibaya. Kama alifanya wastani, andika "His performance was average" na uonyeshe kipi kilipungua.

#12 Kasulu_Kwetu

Nimeelewa walimu wangu, asanteni. La mwisho: "very admirably" mmeikataa. Na "most admirably" je? Nimeikuta kwenye kadi ya mstaafu.

#13 Mzee_Isevya

"Most admirably" iko sahihi. Hapo "most" siyo ya kulinganisha na wengine, ni ya kukazia kwa heshima, na Kiingereza rasmi kinaikubali mbele ya vielezi vya aina hii. Ni ya kizamani kidogo, ndiyo maana kwenye kadi ya mstaafu, cheti cha shukrani au risala inakaa vizuri: "She served this school most admirably for thirty years." Kwenye ripoti ya mwanafunzi usiiweke, na kwenye ujumbe wa simu usiiweke.

Ukitaka kulinganisha kweli, weka "the" na utaje kundi: "Of all the prefects, she coped the most admirably." Kwa watu wawili ni "more admirably than". "Admirablier" haipo.

#14 Binti_Kaliua

Nimeipeleka barua ikiwa na "admirably" moja, mstari wa mwisho, "suited to". Na ile "an admirable person" nimeifuta. Mzee Isevya shikamoo, na asante kwa ile ya bosi, nilikuwa nimeshaandika.

#15 Mzee_Isevya

Marahaba mwanangu. Kabla hujabandika stempu kwenye nakala, angalia tu kwamba "suited" haikugeuka "suitable". "Admirably suitable to" haikai, kwa sababu "suitable" inataka "for".